Nyumba Njema si Mlango: Kuitazama Kilwa kwa Macho ya Issuna

Wahenga wametuachia usemi kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu hutumiwa kuonya juu ya tabia za watu, lakini ukichukuliwa kwa maana yake ya wazi unafaa kuwa kanuni ya kwanza ya uhakiki wa majengo. Wengi wetu tunapotembelea jengo la kale huishia mlangoni. Tunauliza lilijengwa mwaka gani na kwa amri ya mfalme gani, kisha tunaondoka. Hatuulizi wajenzi walikabiliwa na tatizo gani, walikuwa na vifaa gani, na walilitatuaje tatizo hilo kwa vifaa hivyo. Asiyeuliza maswali hayo hajaliona jengo. Ameona ukuta tu.

Mimi nimekulia Issuna, mkoani Singida, katika nchi ya upepo, mawe makubwa na mvua ya msimu mmoja. Kwetu nyumba ya asili ni tembe. Tulipokuwa shule ya sekondari tulifundishwa habari za mji wa Florence, huko Italia, na za kipindi kiitwacho Mwamko wa Ulaya. Tulilijua jina la Filippo Brunelleschi, aliyesimamia ujenzi wa kuba la kanisa kuu la mji huo kati ya mwaka 1420 na 1436. Hakuna aliyetuambia kwamba katika nusu ya kwanza ya karne hiyo hiyo mafundi wa Kilwa Kisiwani walikuwa wakiinua makuba juu ya Msikiti Mkuu, katika pwani ya nchi yetu wenyewe. Nilifika Kilwa nikiwa tayari mwalimu, na ndipo nilipotambua ukubwa wa pengo hilo.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kuyahakiki majengo ya Kilwa kama kazi za sanaa na za akili, si kama magofu ya kustaajabiwa tu. Ya pili ni kuuliza kama kipimo tunachokitumia Kilwa tunaweza kukitumia pia Issuna. Ikiwa hakiwezi kutumika huko, basi hicho si kipimo cha utamaduni wa taifa. Ni kipimo cha mawe.

Kuba na boriti

Msafiri hutoka Kilwa Masoko kwa chombo, akavuka maji hadi kisiwani. Jengo la kwanza kumkabili ni Gereza, ngome ambayo kwa sura yake ya leo ni kazi ya Waomani, iliyosimama mahali palipokuwa na ngome ya Wareno. Watalii wengi hulipenda kwa kuwa linaonekana kutoka mbali. Lakini kwa mhakiki Gereza ni jengo lenye neno moja tu, nalo ni nguvu. Hapana budi alipite, aende Msikiti Mkuu.

Msikiti huu haukujengwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, ya karne ya 11 hadi ya 12, nayo ilikuwa na paa bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, uliongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini, wenye nguzo zilizochongwa kila moja katika jiwe zima la matumbawe. Ukumbi huo ulianguka. Katika karne ya 15 ulijengwa upya, safari hii kwa nguzo za mawe madogo yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na juu yake makuba na mapaa ya mviringo mfano wa pipa lililopasuliwa.

Hapo ndipo penye moyo wa habari. Fundi wa pwani alikuwa na matumbawe, ambayo hukatwa yakiwa laini na maji ya bahari, kisha huwa magumu yanapokauka. Alikuwa na chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Na alikuwa na boriti za mikoko. Boriti ni mti mgumu, lakini si mrefu; ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba, na kwa kawaida upana wake hauzidi mita 3 hivi. Mti ulikuwa umeuwekea usanifu mpaka. Mwenye kutaka ukumbi wa kusalia watu wengi alikuwa na njia mbili: ama aongeze nguzo, ama aiache boriti na kulifunika pengo kwa jiwe na chokaa vilivyopindwa kuwa tao. Mafundi wa Kilwa walitumia njia zote mbili. Walipoanguka, hawakurudi kwenye udogo. Walibadili nguzo, wakajenga tena.

Tukiulinganisha msikiti huo na kuba la Florence, tusikimbilie kusema kwamba mambo ni sawa. Kuba la Brunelleschi ni kubwa mno, nalo lilijengwa kwa fedha za mji wa mabenki na viwanda vya sufu. Makuba ya Kilwa ni madogo na mengi. Lakini swali lilikuwa la namna moja: jinsi ya kufunika nafasi ambayo mti hauwezi kuifunika. Kila mji ulijibu kwa uwezo wake. Mwanafunzi anayelijua jibu moja na asiyajue mengine amesoma nusu ya somo.

Aidha, mhakiki asiogope kuchagua. Kwa maoni yangu, kazi iliyokamilika zaidi kisiwani si Msikiti Mkuu, bali ule msikiti mdogo wa makuba ulio kusini-magharibi yake. Mkuu una ukubwa, lakini msitu wa nguzo zake humkinga anayesali nyuma asimwone imamu. Mdogo umegawanywa katika sehemu tisa zinazolingana, na kwenye paa lake yalipachikwa mabakuli ya kung'aa yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Bakuli lililotengenezwa ili kulia chakula limefanywa pambo la paa. Huko si kuiga. Huko ni kukitawala kitu cha kigeni na kukipa kazi nyingine.

Kasri la Husuni

Mwendo mfupi kwa miguu kuelekea mashariki, juu ya ukingo wa jabali, yako magofu ya Husuni Kubwa, kasri la huyo huyo al-Hasan ibn Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wageni, na birika la kuogea la pembe nane linaloelekea bahari. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vema, na akamtaja sultani huyo kwa lakabu ya Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake.

Hapa uhakiki lazima uwe mkali kidogo. Uzuri wa birika lile hauna shaka. Lakini kasri halikukamilika, na haukupita muda mrefu likaachwa. Mawe yake yalikatwa na kubebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na utajiri ulioligharimia ulitokana na dhahabu iliyochimbwa bara, nyuma ya Sofala, na mikono ambayo haikuliona birika hilo kamwe. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Nayo ni ushahidi kwamba pwani na bara zilikuwa zimefungamana. Kwa hiyo tunapousifu usanifu wa Husuni tusimsahau aliyelipa. Msikiti ulijengwa upya kwa sababu watu waliuhitaji. Kasri liliachwa kwa sababu lilimhitaji mtu mmoja.

Liko kosa jingine la uhakiki ambalo yafaa kulikemea. Kwa muda mrefu waandishi wa kikoloni walipoyaona majengo haya waliuliza swali moja tu: je, ni nani aliyewafundisha Waafrika? Wakajibu kwamba ni Waajemi au Waarabu, wakafunga kitabu. Hiyo ni kasumba. Uchimbaji wa wataalamu umeonyesha kwamba Kilwa ilianza kuwa makazi karne ya 9 au kabla yake kidogo, ikiwa na wavuvi, wahunzi na wafinyanzi wa papo hapo, na kwamba mji wa mawe ulikua juu ya kijiji cha udongo na miti. Wageni walikuja, wakaoa, wakaleta dini na ujuzi. Lakini hakuna anayesema kwamba Florence si ya Waitalia kwa sababu Brunelleschi alijifunza kwa kuyatazama magofu ya Roma. Kujifunza si aibu ya mjenzi. Ni sifa yake.

Dhahabu iliyokwenda Lisbon

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kazi yake huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente. Chombo hicho kimo hadi leo katika jumba la makumbusho la sanaa za kale mjini Lisbon, na maandishi yake yenyewe yanakiri kwamba dhahabu yake ni kodi ya Kilwa.

Baina ya miaka hiyo miwili, Julai 1505, majeshi ya Francisco de Almeida yaliuteka mji na kuupora. Wafanyabiashara wa Kijerumani na wa Kiitalia walikuwa wametia fedha zao katika msafara huo. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1504, watu wa Florence walikuwa wameisimamisha sanamu ya Daudi, kazi ya Michelangelo, katika uwanja wa mji wao. Nayataja mambo haya pamoja si kwa kulipiza kisasi juu ya sanaa ya Ulaya. Chombo cha Lisbon ni kazi nzuri, na mwenye macho hawezi kukataa. Nayataja kwa sababu mwanafunzi hufundishwa Mwamko wa Ulaya katika sura moja na kuanguka kwa Kilwa katika sura nyingine, kama kwamba mambo hayo yalitokea katika dunia mbili. Yalitokea katika dunia moja, na dhahabu moja ilipita katikati yake.

Udongo wa Issuna

Sasa turudi nyumbani. Tembe hujengwa kwa nguzo za miti iliyopo porini, mihimili juu yake, kisha fito, nyasi au matawi, na mwisho udongo ulioshindiliwa. Kuta hukandikwa kwa udongo na kusilibwa kwa samadi. Paa ni bapa. Nyumba ni ya chini ili upepo upite juu. Paa zito la udongo huzuia joto mchana na baridi usiku, wala haliwaki kirahisi. Na mavuno huanikwa juu yake. Chumba ni chembamba kwa sababu mti wa nchi kavu haukui mrefu.

Msomaji bila shaka ameona. Paa bapa juu ya miti, na upana wa chumba kuamuliwa na urefu wa mti: hiyo ndiyo kanuni ile ile ya nyumba ya kale ya Kilwa. Aliyelala katika tembe utotoni anaielewa boriti ya pwani bila kuelezwa. Nilipotazama juu katika Msikiti Mkuu nilikumbuka mihimili iliyofukiwa na moshi nyumbani kwa bibi yangu, nikafahamu ni kitu gani mafundi wale walikuwa wakipigana nacho.

Wala tusiipambe tembe kwa sifa za uongo. Ina giza, moshi hukaa ndani, mchwa huila miti yake, na mvua ikizidi paa huvuja au huanguka. Aliyeiacha akaezeka bati hakufanya kosa. Kosa ni la sisi tuliosoma, tuliomwachia aamini kwamba aliiacha takataka.

Na hapa pana jambo zito. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuchukua mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililotangulia mwaka huo hulindwa, na ya baadaye hungoja tangazo la Waziri. Matumbawe na chokaa huvuka mpaka huo kwa urahisi. Udongo hauwezi, kwa kuwa tembe huishi kwa kujengwa upya. Ukongwe wake haumo katika ukuta bali katika mikono inayojua kujenga. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na michoro ya mapangoni ya Kondoa, jirani zetu, mwaka 2006. Hayo ni mambo ya fahari. Lakini tembe ya Issuna haina mlinzi mwingine ila kumbukumbu, na kumbukumbu huzeeka pamoja na wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu. Mpelekeni mwanafunzi Kilwa kama nauli ipo. Asipopelekwa, mfundisheni Kilwa kwa picha na vipimo. Lakini kwanza mpeni kamba ya kupimia, penseli na karatasi, mkampeleke kwenye tembe iliyobaki karibu na shule. Apime upana wa chumba. Aulize jina la kila mti na sababu ya kuchaguliwa kwake. Amwulize mzee aliyejenga ni nini kilichoanguka, na safari ya pili alifanyaje. Akirudi na majibu hayo, hata Florence ataielewa. Atakuwa amefungua mlango, akaingia ndani.