Siku Mbili Bagamoyo: Usome Nini Kabla ya Kwenda Kula

Kuna aina moja ya maandishi ambayo hatuiiti fasihi, ingawa wengi wetu tunaisoma kuliko tunavyosoma riwaya. Ni ratiba ya safari fupi: siku mbili mahali fulani, asubuhi uone hiki, mchana upite pale, jioni upige picha machweo, kesho urudi kwenu. Nimekuwa nikizisoma zile za Bagamoyo, za Kiswahili na za Kiingereza, kwa jicho lile lile ninalosomea hadithi fupi. Nauliza: anayesimulia ni nani, anaona nini, na ni nani hapewi nafasi ya kusema?

Karibu zote zina mpangilio mmoja. Unatoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi kwenda kaskazini. Unaanzia magofu ya Kaole, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake. Unapita Ngome Kongwe, Karavanserai na Boma la Wajerumani. Unamalizia kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi kutoka bara. Chakula kinakuja mwishoni kabisa, mstari mmoja tu: kuna samaki ufukweni. Basi. Mji mzima wa watu wanaopika, wanaovua na wanaouza umegeuka kuwa mahali pa kupumzisha miguu baada ya magofu.

Linganisha na mtu anayepanga siku zake mbili za kwanza Bologna, kule Italia. Ule nao ni mji wa kale; chuo kikuu chake huhesabiwa tangu mwaka 1088. Lakini Waitalia wenyewe wameupa majina matatu ya utani: msomi, mnono na mwekundu. Unono umekaa sawa na usomi, na hakuna mwandishi wa ratiba atakayethubutu kuiacha mortadella au tortellini iwe mstari wa mwisho. Nyuma ya heshima hiyo kuna maandishi. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi alichapisha kitabu cha mapishi ya majumbani, akakisimulia kwa ucheshi, na mapishi ya Bologna akayasifu waziwazi. Kitabu hicho hadi leo kinachapishwa na kusomwa kama fasihi. Kwa hiyo mgeni anapofika Bologna, maneno ya kusemea anachokula yameshamtangulia mezani.

Mwaka huo huo wa 1891 ndio Wajerumani waliohamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Bagamoyo haukukosa vitabu wakati huo. Ulikuwa navyo tele, ila viliandikwa na watu waliokuwa na haraka ya kuondoka. Burton na Speke walianzia safari yao ya maziwa katika pwani hii mwaka 1857. Stanley alikaa Bagamoyo majuma kadhaa mwaka 1871 akifunga mizigo na kutafuta wapagazi. Katika kurasa zao mji ni mlango: una bei, una ucheleweshaji, una makarani wa kugombana nao. Hakuna anayekaa. Ratiba za leo zimerithi jicho hilo bila kujua, ndiyo maana zinatuonyesha mahali walipopita watu wengine, tena waliokuwa wakienda kwingine.

Hata jina la mji linasomwa kwa haraka hiyo. Ratiba nyingi zinasema ni "bwaga moyo", mtumwa alipoacha moyo wake kabla ya kuvushwa bahari. Sibishi kwamba watumwa walipita hapa; walipita, na mateso yao si ya kuchezewa. Lakini sisi wenye lugha tunajua anayebwaga ni nani. Mzigo ndio unaobwagwa. Mpagazi aliyetembea miezi mitatu na pembe begani anafika pwani, anabwaga mzigo, na moyo nao unatua. Maana zote mbili zimo ndani ya neno moja, moja ya kilio na moja ya pumzi. Ratiba inayokupa moja tu imekunyang'anya nusu ya mji, na nusu yenyewe ndiyo iliyokuwa na chakula, ngoma na kulala fofofo.

Sasa nije kwenye kitabu ninachotaka ukisome kabla hujapanda basi. Ni *Desturi za Waswahili*, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Mjerumani Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka maeneo haya haya ya Bagamoyo. Mtoro haonyeshi majengo. Anaonyesha mtu anavyozaliwa, anavyofunzwa chuoni, anavyooa, anavyocheza ngoma, anavyosafiri bara na anavyozikwa. Sentensi zake ni fupi, hazina madoido, zinakwenda kama mtu anayemweleza mgeni barazani huku kahawa inamiminwa.

Na karamu zimejaa humo. Ukisoma kwa makini utaona kwamba katika mji huu kulisha watu ilikuwa siasa. Vyama vya ngoma vilishindana kwa kupika na kugawa. Aliyetaka cheo cha ujumbe ilimbidi atoe ada na kuwalisha wakubwa, na jina la mtu lilipanda au kushuka kwa alivyowashibisha wenzake. Mwanahistoria Jonathon Glassman alikitegemea sana kitabu hiki alipoandika, mwaka 1995, juu ya karamu na ghasia za Mrima kabla ya vita vya Abushiri. Ukishalijua hilo, sahani ya wali wa nazi haitakuwa tena mstari wa mwisho wa ratiba. Utajua kwamba sufuria nayo ni sehemu ya historia ya Bagamoyo kama ilivyo ngome, na tofauti yake ni kwamba bado iko motoni.

Kitabu cha pili ni ndugu yake, *Safari za Waswahili* cha 1901, hasa simulizi la Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari ya biashara ya bara. Wahakiki wameshaonyesha jinsi riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, *Paradise*, inavyozungumza na simulizi hilo katika sehemu ya msafara. Tangu 2022 tunayo kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ukiwa na muda wa kitabu kimoja tu, na wewe ni mtu wa riwaya, chukua hiyo. Lakini ukiweza, msome Selemani kwanza kisha Gurnah. Utaona jinsi mfanyabiashara anayehesabu mali na hongo anavyogeuka, mikononi mwa mwandishi wa riwaya, kuwa kijana anayejiuliza kama yeye mwenyewe ni mali.

Nisimpambe Mtoro kupita kiasi, lakini. Kitabu chake kiliagizwa na kuhaririwa na mtu wa utawala wa kikoloni, kwa wasomaji waliotaka kuwaelewa Waswahili ili wawatawale. Wakati mwingine unamsikia msimulizi akiyapanga mambo vizuri mno, kama nyumba iliyofagiliwa kwa ajili ya mkaguzi. Na kuna kimya kimoja kinachonisumbua kila nikirudi humo. Karamu zinatajwa, sahani zinagawiwa, wageni wanashiba, ila aliyekuna nazi hasemi. Wasimulizi ni wanaume. Kinachopita kati ya kibao cha mbuzi na tui la kwanza, lini utie ndimu kwenye mchuzi wa papa, ng'onda aloweke muda gani, hayo yalibaki kwa bibi, mama na shangazi, na hakuna Velten aliyewauliza. Bagamoyo haukupata Artusi wake. Hilo ni deni letu sisi tunaoandika kwa Kiswahili leo, kwa sababu kisichoandikwa hakiingii kwenye ratiba, na mji ukishakuwa wa wageni wa siku mbili, kisichokuwa kwenye ratiba huacha kupikwa mbele ya watu.

Basi ukipanga, panga hivi. Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei, kama hupendi kunyeshewa. Ukienda mwezi wa Ramadhani jua kwamba mchana utakuwa mkavu, ila jioni ya futari ndiyo itakayokuonyesha mji kuliko siku nyingine yoyote. Siku za katikati ya juma ni tulivu kuliko Jumamosi, watu wa Dar wanapojaa. Siku ya kwanza nenda kwenye mnada wa samaki pale ufukweni kabla ya magofu. Uliza maji yanajaa saa ngapi, maana vyombo vinakwenda na maji, si na saa yako. Tazama changu, kibua, ngisi na pweza wanavyonadiwa, kisha kaa kwa mama lishe, salimia vizuri, shikamoo kwa wakubwa, ule kilichopo. Kaole na misheni viende siku ya pili, ukiwa umeshiba na umeshasikia lafudhi ya watu. Jioni, kama kuna onyesho kule TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, usilikose. Ushindani wa ngoma alioueleza Mtoro haukufa wote.

Nimemtaja Mtoro mara nyingi kwa sababu ya jambo moja ambalo hakuna ratiba niliyoiona inalitaja. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko alioa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi naye nyumbani, utawala wa koloni ukawakatalia. Walirudi Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha wasomaji wa kigeni namna mgeni anavyopokewa Bagamoyo alizuiwa kufika kwao akiwa na mkewe. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1981, kazi ya J. W. T. Allen, na wengi wanamjua kwa tafsiri hiyo. Mapato yake ya Kiswahili ni ya kutafuta: Lyndon Harries alichapa sehemu zake mwaka 1965, na toleo la 1903 lipo mtandaoni kwa tahajia yake ya zamani. Lisome hilo, hata kurasa 20 tu. Halafu ukifika pale kwa mama lishe, mwulize mchuzi wake unapikwaje, na akikubali, uandike jibu lake kwa Kiswahili, na jina lake uliweke juu.