Jinsi Madoa ya Pezi Yalivyofichua Utendaji wa Jeni

Katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Tanganyika, na katika midomo ya mito inayoingia humo, huishi samaki mdogo aitwaye Astatotilapia burtoni, wa familia ya sikilidi, ambayo ndiyo pia ya kuhe, anayejulikana sana na wavuvi wa Uvira, mji wa kando ya ziwa hilo. Dume lake lina madoa ya mviringo yanayofanana na mayai katika pezi la chini karibu na mkia. Jike, ambaye huatamia mayai kinywani, huyadonoa madoa hayo na papo hapo hupokea shahawa zinazorutubisha mayai aliyokwisha kuyabeba. Kuhe hana madoa hayo, naye hutaga chini na kuyalinda mayai yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na M. Emília Santos, Walter Salzburger wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzao ulichunguza chanzo cha alama hiyo kwa hatua tatu. Kwa kuwa seli za mwili hubeba jeni zile zile lakini kila aina huzitumia baadhi tu, kwa kunakili maagizo yake katika molekuli za RNA, jambo liitwalo udhihirikaji wa jeni, watafiti walilinganisha kwanza RNA ya sehemu ya pezi yenye madoa na ya sehemu isiyo nayo, wakapata jeni mbili pacha, fhl2a na fhl2b. Kisha walilinganisha DNA ya spishi mbalimbali, wakakuta kwamba zile za kundi la haplokromini zenye madoa, tofauti na sikilidi wengine, zina kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama kilichojipachika katika eneo linalodhibiti fhl2b.

Vitu viwili kupatikana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Ndiyo maana hatua ya tatu ina uzito mkubwa. Eneo hilo la udhibiti lilipandikizwa katika samaki wa maabara aitwaye Danio rerio, likaonekana kufanya kazi katika iridofoa, yaani seli za rangi zinazoakisi mwanga, ambazo zimo pia katika madoa yale. Jaribio hilo, ingawa lilifanywa katika samaki wa ukoo wa mbali, linaunga mkono kwa nguvu hoja kwamba umbo jipya laweza kuzaliwa kwa jeni ya zamani kupewa mahali papya pa kutumika.

Nguvu ya mbinu hii ni ulinganisho, na ulinganisho huhitaji spishi nyingi zilizo hai. Ziwa hili lina takriban spishi 240 za sikilidi, na nyingi huishi mwambaoni, mahali ambapo udongo unaoporomoka milimani na nyavu za matundu madogo huharibu mazalio; kwa hiyo kuutunza mwambao wa Uvira ni sharti la kwanza la sayansi yenyewe, kwani spishi ikishatoweka hakuna maabara itakayoweza kuilinganisha na nyingine.