"Uvimbe" na "Ukosefu" katika Maandishi ya Magonjwa ya Ini

Tuchukue sentensi ya aina inayozidi kuonekana katika tafsiri za mambo ya afya: "Ukosefu wa vitamini D huzidisha uvimbe kwa wagonjwa wa homa ya ini sugu." Sarufi yake haina kasoro. Istilahi zake, hata hivyo, karibu zote zinapotosha, na anayepotoshwa kwanza ni mgonjwa.

Kubwa kuliko yote ni neno uvimbe. Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye ini, hufikiri juu ya donge, na baada ya donge, saratani. Hakosei, maana neno hilo hilo ndilo linalotumiwa hospitalini kutajia donge. Lakini mfasiri hakukusudia hivyo. Alikusudia tendo la mwili la kujihami, ambapo chembechembe za kinga huingia katika kiungo kilichodhuriwa, na zikidumu humo miaka mingi huliachia ini makovu. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili 4 za hali hiyo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe basi ni dalili moja tu, na mfasiri ameliita zima kwa jina la sehemu. Tena ini lililokwisha kujaa makovu mara nyingi husinyaa. Kilatini nacho kiliita dalili hiyo tumor, lakini baadaye lugha za Ulaya zikalitenga neno hilo kwa donge na kuiachia hali yenyewe jina linalotokana na kuwaka moto. Nasi hatuzuiwi kutenganisha.

Baadhi ya waandishi hutumia mchochota. Inaweza kusemwa kwamba neno hilo lina sauti ya maumivu, ilhali ini linaweza kudhurika kwa miaka bila kuuma. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Istilahi hailazimiki kubeba kila sifa ya kitu. Inalazimika kutochanganywa na istilahi nyingine, na mchochota haumtishi mtu kwa saratani. Kwa maoni yetu unafaa kuliko inflamesheni, ambayo msomaji asiyejua Kiingereza hana pa kuishikia.

Homa ya ini imekwisha shika mizizi, na kuing'oa si kazi ya siku moja. Lakini homa kwa Mswahili ni joto la mwili, na mwenye virusi vya B anaweza kukaa miaka mingi bila joto hilo, akaamini amepona. Jina lenyewe linakaa jirani mno na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu. Isitoshe, ini huugua pia kwa pombe na kwa mafuta kujikusanya ndani yake. Wagonjwa hao sentensi yetu imewasahau. Kuhusu sugu, itoshe kusema kwamba neno hilo sasa hutumika pia kwa vimelea visivyosikia dawa. "Wa muda mrefu" ni salama zaidi.

Ukosefu ni kutokuwapo. Upungufu ni kuwapo kusikotosha. Msomaji atakumbuka kwamba hata UKIMWI umefafanuliwa kwa maneno yote mawili. Kwa vitamini D jambo ni gumu zaidi. Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, ini huigeuza kuwa kalsidioli, ambayo ndiyo hupimwa katika damu, kisha figo huikamilisha. Protini inayoichukua katika damu nayo hutengenezwa na ini. Kwa hiyo kipimo kikishuka, pengine ni ini lenyewe linalolegea, wala si chakula wala jua. Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilitenga daraja mbili: chini ya nanogramu 20 kwa mililita, na 21 hadi 29. Wafasiri wengi wameziita zote "upungufu", na tofauti ikapotea. Mwaka 2024 chama hicho kiliacha kuunga mkono mipaka hiyo. Mfasiri mwangalifu ataandika "kiwango cha chini" na kutaja tarakimu.

Limebaki huzidisha. Kiwango cha chini na mchochota huonekana pamoja, lakini kipi kinamzaa mwenzake halijaamuliwa, na majaribio ya kuwapa wagonjwa vitamini hiyo hayajathibitisha kwamba huponya ini. Kitenzi hicho kimoja kinaweza kumpeleka mtu dukani kununua vidonge, akaacha kliniki.

Sentensi ingeandikwa hivi: "Wagonjwa wa ini wa muda mrefu mara nyingi hukutwa na kiwango cha chini cha vitamini D katika damu, na baadhi ya uchunguzi umeona kwamba hali hiyo huambatana na mchochota mkali zaidi wa ini." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na mhariri wa vipeperushi atalalamika juu ya nafasi.