Kilo haisemi yote: ubishi wangu na "paradoksi ya unene"

Wandugu, kuna neno moja la wadaktari lenye kunisumbua: "paradoksi ya unene". Mwaka 2002, Luis Gruberg na wenzake walilitumia kwa wagonjwa waliozibuliwa mishipa ya moyo. Mwaka uleule, kule Rouen, Ufaransa, Profesa Alain Cribier aliweka kwa mara ya kwanza valvu ya aota ya moyo kwa kupitishia ndani ya mshipa, bila kupasua kifua. Leo neno limehamia kwa wagonjwa wa valvu pia. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kisha kazi hiyo, wakondefu njo wanakufa zaidi, njo wanatoka damu zaidi. Wanene kiasi wanajikaza vizuri.

Hesabu siikatai. Nakataa jina. Ukisema "paradoksi", mtu anaelewa kwamba mafuta yanalinda moyo. Na kwetu tayari kitambi tunakiita afya!

Tuangalie kipimo chenyewe. IMC ni kilo ukigawanya kwa urefu mara urefu. Iliundwa na Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa takwimu, hakukuwa daktari. Alikuwa anatafuta umbo la mtu wa kawaida katika kundi kubwa, haikuwa hali ya mgonjwa mmoja kitandani.

Tuchukue mama wa mita 1,60 na kilo 46. IMC yake ni 18, chini ya mpaka wa 18,5: ni mkondefu. Sasa moyo wake umechoka, miguu imevimba, mwili umeshika kilo 6 za maji. Balansi inasema 52, IMC inapanda mpaka 20,3. Kwenye karatasi amepona ukondefu, kumbe amezidi kugonjwa.

Tena, mzee mwenye valvu mbovu mara nyingi amekonda juu ya ugonjwa wenyewe: hakuna hamu ya kula, nyama ya mwili imeisha. Mishipa ikiwa midogo, bomba la kupitishia valvu linaweza kuipasua. Hapo ukondefu ni alama ya kuishiwa nguvu. Na wanene ambao tensio na sukari viliwaua mapema, hao hawafiki kuhesabiwa. Wale wanaofika mara nyingi ni vijana kidogo kuliko wakondefu. Tena kwa mnene sana, mshipa wa paja uko ndani ya mafuta, kuufunga vizuri ni kazi.

Sisi wa agronomia hatupimi ng'ombe kwa kilo peke yake. Tunagusa mbavu, mgongo, nyonga, kisha tunatoa alama toka 1 mpaka 5. Ng'ombe mwenye tumbo limejaa maji hatudanganyi. Mbona mtu apewe kipimo chepesi kuliko ng'ombe? Na picha ya skana ambayo wanapiga kwa kupima mishipa kabla ya kuweka valvu inaonyesha pia misuli ya mgongo. Habari iko pale, ni kuisoma tu. Unaweza pia kuangalia namna mgonjwa anatembea mita chache.

Kwa mimi, somo la tafiti hizi halihusu faida ya mafuta. Linahusu yule mkondefu: alishwe, atiwe nguvu, apimwe misuli mbele ya kuguswa. Jina "paradoksi" linatufanya tumwangalie mnene na kushangaa, wakati mwenye hatari amelala kitanda cha pembeni.