Mahali pa Kukata: La casa de papel na Msuko wa Tamthilia ya Kihispania

Wahakiki wa tamthilia za televisheni za Kihispania mara nyingi huchukulia kwamba majukwaa ya mtandaoni yalileta fedha, nazo fedha zikaleta ubora. Dai hilo linahitaji kuhojiwa. Katika La casa de papel, badiliko la kwanza halikuhitaji mandhari mapya wala mhusika mpya. Lilihusu mahali pa kukata.

Tamthilia hiyo ya Álex Pina ilionyeshwa na Antena 3 kuanzia Mei 2017 kwa vipindi 15, kila kimoja kikikaribia dakika 70, urefu uliozoeleka katika televisheni ya Hispania inayotegemea matangazo ya biashara. Watazamaji walianza wakiwa wengi, kisha wakapungua sana, na kisa kikafungwa Novemba mwaka huohuo. Netflix ilipoichukua, iliikata upya ikawa vipindi 22 vifupi. Maneno ya wahusika ni yaleyale, lakini taharuki si ileile. Tukio lililokuwa katikati ya kipindi, ambalo mtazamaji wa awali alilipita akielekea kwenye suluhisho, sasa linakuwa mwisho wa kipindi. Na swali linaloachwa wazi halingoji juma zima, kwa kuwa kipindi kinachofuata huanza chenyewe. Kwa maoni ya mtafiti, hapa ndipo jukwaa lilipoingia katika fani, kabla halijagharamia hata siku moja ya upigaji picha.

Sehemu ya tatu (2019) hadi ya tano (2021) ndizo zilizotengenezwa kwa fedha za Netflix. Mandhari yalipanuka hadi Italia, Thailand na Panama. Kilichopungua ni hoja. Katika wizi wa kwanza, wezi hujifungia katika kiwanda cha taifa cha kuchapa fedha na kuchapa zao wenyewe. Profesa anamkabili Raquel kwa swali ambalo Hispania ya baada ya msukosuko wa 2008 ililielewa mara moja: benki kuu inapounda fedha kwa ajili ya mabenki, mbona hilo haliitwi wizi? Wizi wa pili, wa dhahabu ya Benki Kuu ya Hispania, unachochewa na kukamatwa kwa Rio. Ni kisa cha kuokoana na kulipiza, chenye risasi nyingi. Kifo cha Nairobi (lakabu tu, msomaji wa Afrika Mashariki asitafute zaidi) kinaliza, lakini hakimwachii mtazamaji swali.

Hata hivyo, fedha za jukwaa hazidhoofishi kazi daima. Gabriel García Márquez hakuuza haki za kuigeuza Cien años de soledad kuwa filamu katika uhai wake. Wanawe waliridhia itengenezwe kwa Kihispania, nchini Kolombia. Vipindi 8 vya kwanza, vilivyotoka Desemba 2024, vinahifadhi sauti ya msimulizi na kuuacha ukoo wa Buendía ukue polepole. Lakini masharti hayo yalitoka kwa wenye haki, si kwa jukwaa. Kwa sababu hiyo sura inayofuata inaanza na mikataba, ndipo irejee kwenye matini.