Kumpima Fundi wa Friji Yenye Gesi Inayowaka

Nambis, huku Mbulu, si mahali pa kuuzia viyoyozi. Mbulu iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba anayetaka hewa ya baridi anafungua mlango tu. Viyoyozi utavikuta katika vyumba vichache, kama cha ATM au cha maabara. Lakini gesi zinazowalazimisha mafundi wa AC wa Dar es Salaam na Mombasa wajifunze kazi upya zimekwisha kupanda huku, na hazikuja na kiyoyozi. Zimekuja ndani ya friji za soda na maziwa. Inama nyuma ya friji iliyonunuliwa miaka ya karibuni, usome kibandiko kilichobandikwa kwenye kompresa. Ukiona R600a na pembetatu ya njano yenye alama ya moto, una isobutani, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi tunayopikia.

Haikuwekwa kwa ubahili. Gesi za zamani kama R12 zilitoboa tabaka la ozoni. R134a iliyofuata haikutoboa kitu, ila kilo yake moja ikitoka inapasha joto dunia mara 1,400 hivi kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Isobutani inapasha kama mara tatu. Wajerumani walianza kuuza friji za namna hii mwaka 1993, Greenpeace ikiwasukuma, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kundi la R134a. Kwa hiyo friji za isobutani zitaongezeka, na mwenye duka anahitaji jicho la kumtazama fundi anayezigusa. Kazi nzuri na kazi mbaya zinafanana kwa wiki mbili za kwanza: friji zote mbili zinagandisha. Tofauti inaonekana wakati wa kazi.

Anza kumpima kabla hajafungua begi. Friji ikiacha kugandisha Juni au Julai, fundi wa haraka anagusa bomba, anatikisa kichwa na kusema, "Mama, gesi imeisha." Fundi anayejua anaanza na maswali. "Shikamoo mama. Shida imeanza lini? Usiku inalala hapa hapa dukani? Mchana inarudi vizuri?" Ana sababu. Friji nyingi zinazouzwa kwetu zina herufi T kwenye kibandiko, maana yake zimetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 hadi 43. Usiku wa Mbulu unashuka chini ya hapo bila shida. Friji yenye milango miwili lakini thamostati moja inasikiliza sehemu ya chini peke yake. Chumba kikiwa baridi, sehemu hiyo inaona imeshiba, kompresa inalala saa nyingi, na nyama ya juu inayeyuka. Gesi ipo yote, gramu kwa gramu. Dawa ni kupandisha thamostati au kuihamishia friji kwenye chumba chenye joto kidogo. Fundi akikuambia hivyo, akachukua nauli yake na kuondoka bila kutoboa bomba, hifadhi namba yake ya simu. Kazi bora kabisa niliyopata kuiona ya gesi inayowaka ni ile ambayo gesi haikuguswa.

Ikibidi kufungua, tazama anachofanya na chumba. Hapa ndipo Nambis inapotofautiana na Tanga. Kwenye joto, milango na madirisha yako wazi tangu asubuhi. Huku tunafunga kila kitu na kuweka jiko la mkaa sakafuni. Isobutani ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili, na ikitoka inashuka na kutambaa. Friji ya kawaida ina gramu 60 hivi, kiasi kisichojaza hata kikombe kikiwa kimiminika. Ila gramu hizo zikichanganyika na hewa zinatosha kufanya yapata mita moja na nusu ya ujazo iweze kuwaka. Nyuma ya kaunta ya mita mbili kwa mbili, hiyo ni hewa yote ya sakafuni mpaka karibu na goti, na jiko linakaa kimo hicho hicho.

Basi fundi mzuri, hata kukiwa na ukungu nje, anafungua mlango na dirisha na kuomba jiko litoke. Simpunguzii maksi kwa kuwaudhi wateja wanaoota moto. Anauliza pia mtungi wa gesi ya kupikia uko wapi na nani anavuta sigara. Friji anaichomoa kwenye umeme mapema, maana cheche ya swichi inatosha kuwasha. Wenye uwezo wanakuja na kifaa cha kunusa gesi, wanakiwasha kabla ya kufungua chochote na kukiacha sakafuni mpaka mwisho. Angalia kifaa hicho ni cha gesi gani. Vingi vilivyobaki katika masanduku ya zana vilitengenezwa kwa R134a na jamaa zake. Mbele ya isobutani havisemi kitu. Na pua haisaidii. Gesi ya kupikia inanuka kwa sababu imetiwa harufu makusudi, wakati isobutani ya friji haitiwi. Ukisikia harufu ya jikoni ikitoka kwenye mtungi mdogo wa fundi, mzuie hapo hapo, kwa sababu ameleta gesi ya kupikia, mchanganyiko wa propani na butani usiojulikana kipimo, wenye unyevu na uchafu ambao mrija mwembamba wa kapilari hauwezi kuuvumilia.

Gesi iliyomo kwenye friji inatolewa kwa mpira mrefu unaofika nje, mbali na mlango, mbali na shimo lolote. Wengi wanaishia hapo, wanawasha moto wa kuchomelea na kukata bomba. Hatari imelala kwenye mafuta ya kompresa. Mafuta yananyonya isobutani na kuishikilia, halafu yanaiachia polepole dakika kadhaa baada ya geji kusoma sifuri. Moto ukigusa bomba, mdomo wake unatoa ulimi wa bluu, na hapo fundi huwa ameinamisha uso. Mwenye ustadi anavuta kwa pampu, anapitisha naitrojeni kavu, anavuta tena, kisha anakata kwa kikatio cha mkono, kile kigurudumu kidogo kinachozungushwa kwenye bomba. Msikilize: kikatio hakina sauti. Ukisikia mvumo wa moto kabla bomba halijafunguka, toka nje na watoto wako.

Naitrojeni ndiyo ya kupimia uvujaji pia. Nimewaona wanaotumia mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji wa jirani kwa sababu uko karibu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ndani ya kompresa inaweza kulipuka bila kiberiti. Hili halina mjadala wala nafasi ya pili; mfukuze.

Halafu pampu ya vakumu, sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mwinuko wetu unawaumbua waliojifunza kwa kukariri. Vitabu na mafundi wa pwani wanasema vuta mpaka sindano isome inchi 30 chini ya sifuri. Pwani ni sawa. Geji inapima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, na hewa ya Mbulu ni nyepesi: vakumu kamili hapa inasoma kama 24. Fundi anayesubiri 30 atasubiri mpaka pampu iungue. Anayekuonyesha 28 kwa fahari ana geji mbovu. Mtaalamu hategemei sindano hiyo hata kidogo. Ana kipimo cha maikroni, anavuta mpaka chini ya 500, anafunga valvu na kukaa kuangalia kama namba inapanda. Ikipanda haraka kuna tundu, ikipanda kidogo na kutulia kuna unyevu.

Mwinuko huo huo unaharibu kanuni nyingine. Friji ya isobutani ikifanya kazi, upande wake wa kunyonya unakuwa chini ya shinikizo la hewa. Ikigandisha kwa nyuzi 25 chini ya sifuri, geji ya Dar es Salaam itaonyesha kama inchi 12 hadi 13 za vakumu. Mashine ile ile, na gesi ile ile, Nambis itaonyesha kama 7. Aliyekariri namba ya Dar es Salaam ataona gesi imezidi, atapunguza, na friji yako itakuwa na njaa daima. Ndiyo maana gesi hii haijazwi kwa geji. Inajazwa kwa mizani.

Dai mizani. Ya kidijitali, inayosoma gramu moja moja, si ile ya kupimia vitunguu swaumu gulioni. Kibandiko kikisema gramu 58, ni 58. Gramu 10 zilizozidi katika mashine ya zamani ya R134a hazikuwa jambo kubwa. Hapa ni zaidi ya sehemu ya sita ya mzigo wote. Mtazame anavyofanya: anaweka mtungi juu, anairudisha mizani kwenye sifuri, anahesabu na gesi iliyo ndani ya mpira. Asubuhi ya baridi mtungi unakuwa mzito kutoa, na kishawishi ni kuupashia jikoni au kuumwagia maji ya moto. Fundi wa kweli anauweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu unayoweza kutia mkono bila kushtuka, na anasubiri.

Kufunga kunakamilisha kazi. Wengi wanaacha valvu ya kujazia ikining'inia, ili kurudi kuwe rahisi, na kurudi kutakuwepo kwa kuwa mpira wa valvu hiyo utavuja. Katika kazi safi bomba la kujazia linabanwa kwa koleo maalumu, mdomo unazibwa, na viungo vinaunganishwa kwa pete za kubana zisizohitaji moto, zinazojulikana kwa jina la Lokring. Kisha povu la sabuni. Angalia analipaka lini. Akipaka kwenye mabomba ya upande wa kunyonya wakati kompresa inazunguka, anajifurahisha tu: upande huo unavuta hewa ndani, povu halitatoa hata tone. Lazima mashine izimwe, shinikizo lisawazike, ndipo tundu liseme. Mashine ikizunguka, tundu lisiloonekana upande huo halitoi gesi nje, linaingiza hewa na unyevu, na mwezi mmoja baadaye kapilari inaziba kwa barafu.

Mwisho wa friji ni vifaa vya umeme. Rilei, kinga ya kompresa, swichi ya taa, thamostati: katika friji za isobutani vimefungwa visitoe cheche nje. Fundi akiweka rilei ya zamani aliyoing'oa kwenye mashine ya R134a kwa kuwa inaingia, ameweka kiberiti kinachojiwasha mara nyingi kwa siku karibu na gesi. Swali langu la kila siku kwa fundi ni hili: "Kijana, hii rilei imetoka wapi?"

Kwa viyoyozi vya Babati, Arusha na pwani, nitasema kwa ufupi. Vingi vipya vina R32, ambayo inawaka kwa shida, ila moto ukiipata inatoa mvuke wa sumu unaochoma mapafu. Vyenye propani, R290, vimeuzwa India na Godrej tangu mwaka 2012 na vinafanya kazi vizuri vikihudumiwa kwa nidhamu. Pale mtazame anavyopanua mdomo wa bomba: je, anautengeneza upya na kuukaza kwa spana yenye kipimo, au anarudishia uliokwisha kupasuka? Na kataa bila aibu yule anayetaka kukuwekea propani kwenye AC ya zamani ya R22 eti inapoza zaidi na umeme unapungua. Huenda inapoza kweli, lakini mashine ile haikutengenezwa kwa gesi inayowaka, na cheche zake ziko wazi.

Majokofu ya chanjo ya zahanati yanayotumia nguvu ya jua ni jambo lingine. Mengi yana R600a, na chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8 bila kuyumba. Hayo si ya fundi wa mtaani hata awe hodari namna gani. Mhudumu wa zahanati apige simu wilayani.

Kuhusu cheti, cha chuo cha ufundi cha VETA kina thamani, lakini kiulize mwaka. Aliyehitimu wakati somo lilikuwa R12 na R22 anahitaji kuwa amerudi darasani. Kuhusu bei, mwambie akuvunjie: naitrojeni, kichujio kipya, pete za kubana, gesi kwa gramu. Asiye na naitrojeni hawezi kuiweka kwenye hesabu, na hapo ndipo unafuu wake ulipotoka. Kazi ikiisha anaandika kwenye friji aina ya gesi, gramu alizoweka, tarehe na namba yake ya simu. Akikuomba kalamu ya wino usiofutika, mpe, na usiruhusu jiko lirudi nyuma ya kaunta mpaka utakapokuwa umeuacha mlango wazi nusu saa.