Koti la Richard Saunders

Maandishi yanayofundisha utunzaji wa fedha hudharauliwa na wahakiki, kwa hoja kwamba mna mawaidha tu wala hamna sanaa. Poor Richard's Almanack, kalenda ya kila mwaka aliyoitunga na kuipiga chapa Benjamin Franklin mjini Philadelphia tangu mwishoni mwa 1732 hadi toleo la 1758, yaipinga hoja hiyo. Kwa maelezo ya Franklin mwenyewe, nakala zilizouzwa kwa mwaka zilikaribia 10,000. Kalenda nyingine zilikuwapo, nazo zilikuwa na miandamo ya mwezi na utabiri wa hali ya hewa vilevile. Kilichowarejesha wasomaji kwa hii ni mtu asiyekuwapo.

Mtu huyo ni Richard Saunders, mnajimu fukara. Katika dibaji ya kwanza hajisingizii kuandika kwa manufaa ya umma. Akiri kwamba hana kitu, na kwamba mkewe ametishia kuviteketeza vitabu na vyombo vyake asipovipatia faida. Katika toleo la 1734 atoa hesabu: kwa fedha za wasomaji mkewe amepata chungu chake mwenyewe, haazimi tena kwa jirani, amepata viatu na nguo za kuvaa, naye Richard amenunua koti la mtumba, haoni haya tena kwenda mjini. Hapa ndipo penye ufundi. Msomaji aliyetoa senti zake ajiona ndani ya hadithi, na chungu kile ni chake pia. Katika toleo la 1738 Bibi Saunders aufungua mzigo wa mumewe kabla haujamfikia mpiga chapa, akuta amesemwa, aifuta dibaji na kuandika yake. Nyumba hiyo imekwisha kuwa ya jirani.

Methali nyingi zilizojaza nafasi za kalenda hiyo si za Franklin. Richard mwenyewe akiri, katika 1758, kwamba hata sehemu ya kumi si yake. Kwa aliyelelewa na Kiswahili hilo si kosa, maana hakuna aulizaye ni nani aliyetunga haba na haba hujaza kibaba.

Kosa liko kwingine. Katika dibaji ya 1758 watu wangojao mnada wamwuliza mzee, Baba Abraham, habari za kodi nzito. Mzee azishona methali za Richard na kuwajibu kwamba uvivu, kiburi na upumbavu wao huwatoza zaidi kuliko serikali. Waliuliza habari za watawala, wakajibiwa habari zao wenyewe. Na ukwepaji huo ungali ukiishi katika maandishi mengi ya namna hii. Tena mzee amfananisha mdeni na mtumwa, ilhali gazeti la Franklin lilichapisha matangazo ya kuuza watumwa, naye alikuwa nao nyumbani. Kwa hao, hotuba ya akiba haina neno hata moja.

Hata hivyo Franklin msanii amshinda Franklin mhubiri. Hotuba yaisha, watu waisifu, mnada wafunguliwa, nao wanunua ovyo. Aguswaye ni mmoja tu: Richard, aliyekusudia kununua kitambaa cha koti jipya, aondoka ameazimia kulivaa la zamani kwa muda zaidi. Dibaji hiyo ilichapishwa mara nyingi baadaye peke yake kwa jina la The Way to Wealth. Aisomaye hivyo haoni ila mtu mwenye koti kuukuu. Msomaji wa miaka yote alikuwapo liliponunuliwa la kwanza.